Kuitwika Kadi

Kazi ambayo kadi ya mtandao huifanya badala ya prosesa ina majina mawili au matatu huku kwetu, na hakuna hata moja linalotosha. Fundi aliyejifunza kwa video za Kiingereza atasema "ofulodi". Aliyesomea kwenye vitabu vya Kifaransa amekutana na "desharjema", na mara nyingine "delestaje". Hili la mwisho ndilo lililonifanya nikae chini niandike, kwa sababu kwa mtu wa Likasi, Mulungwishi au Kolwezi, delestaje tayari ina maana, na maana hiyo inapotosha.

Katanga nzima inajua delestaje ni nini. Ni kampuni ya umeme, SNEL, kuzima mtaa huu ili mtaa ule uwake, kwa kuwa umeme hautoshi wote. Tunayo mabwawa ya Mwadingusha na Koni kwenye mto Lufira, tunayo Nzilo na Nseke kwenye Lualaba, na tangu 1982 tunayo ile laini ndefu ya kilomita kama 1,700 inayoleta umeme wa Inga mpaka Kolwezi, na bado migodi na nyumba vinagombania. Delestaje ikifika, mzigo unaachwa. Hakuna anayeubeba kwa niaba yako: friji inanyamaza, samaki wanaanza kuoza, mashine ya kusaga inasimama na gunia la mahindi likiwa limefika nusu. Sasa mwambie mwanafunzi kwamba seva hii ina delestaje ya TCP. Atajenga picha ya kitu kilichozimwa na kazi iliyotelekezwa. Lakini ndani ya seva hakuna kilichotelekezwa. Kazi inafanyika yote, mpaka baiti ya mwisho. Aliyebadilika ni mfanyaji.

Tuitazame kazi yenyewe. Mwanafunzi anaomba faili la video kutoka kwenye seva ya maktaba. Waya wa Ethernet kwa kawaida hubeba baiti 1,500 kwa safari moja, vichwa vya IP na TCP vikiwa humo humo. Kwa hiyo lazima apatikane wa kulikata faili vipande, wa kukiandikia kila kipande kichwa chenye anwani na namba ya mfuatano, na wa kujumlisha ile hesabu ya kukagua ambayo mpokeaji ataitumia kujua kama kuna kilichoharibika njiani. Waya wa gigabiti moja ukijaa, hizo ni pakiti zaidi ya 81,000 kila sekunde. Waya wa gigabiti kumi ukijaa ni zaidi ya 812,000. Prosesa ikiachiwa yote haya, inaweza kumaliza nguvu zake kwenye kukata na kuhesabu, na programu ilizonunuliwa kuziendesha zikabaki zinangoja.

Ndiyo maana kadi ziliwekewa akili ya kufanya sehemu hiyo. Prosesa inatoa bonge moja, mpaka kilobaiti 64, lenye kichwa kimoja cha mfano. Kadi inalikata vipande kama 45, inanakili kichwa juu ya kila kimoja, inabadilisha namba za mfuatano, inaandika hesabu za kukagua, inarusha. Mpangilio huo kwenye amri unaandikwa TSO. Upo ndugu yake wa programu tupu, GSO, ulioingia Linux toleo 2.6.18 mwaka 2006: kadi isiyojua kukata inakatiwa na programu, ila kukata kunacheleweshwa mpaka hatua ya mwisho kabla ya kadi, ili bonge lipite njia nzima ya programu mara moja badala ya mara 45. Upande wa kupokea iko LRO, na iko GRO ya toleo 2.6.29, mwaka 2009, ambazo hukusanya pakiti ndogo zinazofuatana zikawa bonge moja kabla ya kuzipandisha juu. Nitarudi kwa hizi mbili, maana hapo ndipo mafundi wengi wanapotea.

Je, Kiswahili kinasemaje? Lugha yetu haina njaa ya vitenzi vya mzigo. Imetembea na misafara. Katika karne ya 19 shaba na pembe za ndovu zilitoka Bunkeya, mji wa Msiri, zikaelekea pwani juu ya vichwa na mabega ya watu, na lugha hutofautisha namna nyingi za kubeba. Kueleka ni mgongoni, kama mtoto. Kupakata ni mapajani. Kupagaa ni begani, na ndipo alipotoka mpagazi. Kutwika ni kichwani. Kutweka ni kupandisha tanga kwenye mlingoti. Halafu kuna pakia na pakua, shusha na teremsha, na tua. Na tayari mashine zimeshaingia katika ukoo huu: waliotafuta jina la kompyuta ya mapajani walichukua pakata, wakaipa mkia wa tarakilishi, wakapata kipakatalishi. Nalipenda sana neno hilo. Anayelisikia mara ya kwanza anajua mashine inakaa wapi mwilini.

Kinachokuja haraka kwenye ulimi ni pakua. Ni kitenzi chema cha bandarini, na cha jikoni pia, maana bukari hupakuliwa chunguni. Lakini kimeshachukuliwa. Karibu kila programu iliyotafsiriwa kwa Kiswahili inakitumia kwa kuvuta faili kutoka mtandaoni, na hakuna wa kukirudisha. Ukisema kadi inapakua, msikilizaji ataelewa kwamba kuna faili linaingia.

Shusha ndicho kitenzi cha kila siku huku Katanga. Lori linashushwa, bei inashushwa, mtu anashushwa kwenye basi. Na ni kweli kwamba data inashuka: inatoka kwenye programu juu, inapita TCP, inapita IP, inafika kwenye kadi chini. Tatizo ni kwamba inashuka hivyo hivyo hata pale ambapo kadi haifanyi lolote zaidi ya kurusha. Shusha inaeleza njia, haielezi nani ameikata pakiti.

Tua ni nzuri kuliko zote mbili. Nchini Tanzania miradi ya maji imetangazwa kwa miaka kwa maneno "kumtua mama ndoo kichwani", na kila aliyebeba ndoo anaelewa papo hapo. Tua inamwangalia mchukuzi na uchovu wake. Prosesa iliyochoka ikatuliwa, hiyo ni kweli kabisa. Lakini kitenzi hiki kinaishia pale mzigo unapogusa chini, na kwa ndoo ya mama kinatosha kwa sababu bomba limefika nyumbani. Ndani ya seva mzigo haugusi chini. Kuna mwingine aliyekwisha kuinama kuupokea, na kama jina letu halimtaji huyo, siku mambo yakiharibika hatutamtafuta.

Basi nimebaki na twika. Na twika na tua ni pacha, kama funga na fungua, pakia na pakua: kimoja kinaweka, kingine kinaondoa. Majirani wanacho pia. Wabemba husema twika kwa maana hii hii, kwa hiyo kinasikika kizawa pande zote mbili za mpaka wa Kasumbalesa.

Mtu akitaka kujua kitenzi hiki kinabeba nini, aende barabara ya Likasi kwenda Fungurume, asimame Mulungwishi pale makala, yaani makaa, yanapouzwa kwa gunia huku malori ya Kolwezi yakipita. Mama amenunua gunia. Amesokota kitenge kuwa ngata, ameiweka kichwani. Gunia hawezi kulipandisha peke yake, kwa hiyo anamgeukia yeyote aliye karibu: "Papa, unitwike." Wawili wanalishika pembe na pembe, wanalinyanyua, yeye anaingiza shingo chini yake, anatafuta katikati, ngata inateleza kidogo, anairudisha kwa kidole. Mwenzake bado ameshika. Mpaka mama aseme "basi" ndipo mikono inaachia. Akiachia mapema, gunia linaanguka na shingo inaumia. Kufika nyumbani anaweza kutua mwenyewe, kwa kuinama upande. Kutua ni kazi ya mtu mmoja. Kutwika ni ya wawili, na wanapaswa kukubaliana.

Hivyo ndivyo kadi na mfumo wa Linux vinavyofanya. Seva inapowaka, dreva ya kadi inautangazia mfumo inayoyaweza: hesabu ya kukagua naweza, kukata naweza, kukusanya siwezi. Amri `ethtool -k eth0` inaonyesha mapatano yote, mstari kwa mstari, na mwisho wa kila mstari pana neno la kuwaka au kuzima. Mistari mingine imefungwa kwa mabano yanayosema kwamba hali hiyo haibadiliki hata ukiamuru. Mara nyingi maana yake ni kwamba kadi hii, kwa jambo hili, haitwikiki. Amri yenye K kubwa ndiyo inayobadilisha mapatano. `ethtool -K eth0 tso on` ni kuitwika kadi ukataji. Ukiweka `off` mahali pa `on`, umeitua, na kazi imerudi kwa programu na prosesa. Nimeona wanafunzi wakihangaika na maneno "kuwasha ofulodi" na "kuzima ofulodi", wakidhani kuzima kunaondoa kazi. Ukisema kutwika na kutua, swali linakuja lenyewe mdomoni: kama kadi imetuliwa, sasa nani amebeba?

Hilo ndilo swali zima la kutafuta ubovu. Lakini kabla ya kuliuliza, kuna neno jingine linalosumbua zaidi, nalo ni kasi.

Watu wetu husema "rezo iko nzito", yaani mtandao ni mzito. Ndani ya malalamiko hayo kuna magonjwa matatu. Kuna waya mwembamba, usioweza kupitisha zaidi. Kuna kuchelewa, pakiti moja kuchukua muda mrefu kwenda na kurudi hata kama njia ni pana. Na kuna kile ambacho Wafaransa wanakiita debi, neno wanalolitumia pia kwa maji ya mto: ni kiasi gani hasa kinapita kwa sekunde. Kiswahili sanifu cha kompyuta kina "kipimo data" kwa upana wa njia, na kinatosha. Kwa debi sijaona neno lililokaa, na watu wanaandika "kasi" kwa yote matatu. Mimi natumia pitisho, kutoka pitisha, kama zuio lilivyotoka zuia. Waya una uwezo wa megabiti 1,000. Pitisho ni kile unachokipima kweli.

Na pitisho halifiki 1,000 hata siku njema. Kila pakiti ya baiti 1,500 inachukua waya kwa muda wa baiti 1,538, ukijumlisha kichwa cha Ethernet, mkia wake wa ukaguzi, ishara za kuanzia na nafasi tupu kati ya pakiti na pakiti. Ndani yake, vichwa vya IP na TCP vikiondolewa pamoja na alama ya saa ambayo Linux huiweka, data halisi ni baiti 1,448. Gawanya: asilimia 94.1. Kwa hiyo programu ya kupima pitisho, iperf3, ikikuonyesha megabiti 941, waya umejaa, kadi ni nzima, funga vifaa uende nyumbani. Namba hii 941 inafaa kuandikwa ukutani katika kila chumba cha seva. Ukiona 94, nayo inasema jambo moja bila kusita: waya umeshuka kwenye megabiti 100. Ethernet ya gigabiti ya waya wa shaba, iliyosanifiwa 1999, inahitaji jozi zote nne za nyaya. Ile ya 100 inatosheka na mbili. Moja ya zile mbili za ziada ikikatika, kadi nyingi hushuka zenyewe, kimya kimya. Panya wanafanya hivyo, na vumbi jekundu la huku linaloingia kwenye plagi linafanya hivyo. Hakuna mpangilio wa kadi utakaotibu waya uliotafunwa, na ni huzuni kuona mtu akigeuza geuza TSO usiku kucha wakati `ethtool eth0` peke yake ingemwambia kasi ya kiungo.

Kwa hiyo waya kwanza. Kisha vihesabio vya kadi, kwa `ethtool -S`: makosa ya CRC, yaani ya ule mkia wa ukaguzi, yakipanda, rudi kwenye waya na plagi; pakiti zilizokosa nafasi zikipanda, foleni ya kadi inajaa kabla prosesa haijaifikia. Kisha prosesa yenyewe, kwa `top`: kiini kimoja kikiwa kimejaa kazi za mtandao huku vingine vimelala, shida ni mgawanyo wa kazi kati ya viini. Hayo ni ya kupita haraka.

Sasa, waya ni mzima, vihesabio ni sifuri, prosesa imepumzika, na bado pitisho ni bovu. Au ni zuri upande mmoja na la aibu upande wa pili. Au seva yenyewe inavuta 941 lakini mashine pepe, ile kompyuta ya programu tupu inayoendeshwa ndani yake, inapata megabiti chache. Au kadi inajizima na kujiwasha katikati ya kunakili faili kubwa, na kitabu cha matukio cha Linux kinaandika kwamba kadi imekwama. Dalili hizi nne zinaelekeza kwa mchukuzi. Hapo ndipo kuitua kadi kunakuwa kipimo: unatua kitu kimoja tu, unapima, unaandika. Pitisho likirudi na kazi ya prosesa ikipanda kidogo, umempata aliyekuwa anaangusha mzigo. Lisipobadilika, unaitwika tena kile kile kabla ya kutua kingine. Wanaotua vyote kwa mara moja wanapona, ndiyo, ila hawajui wameponywa na nini, na prosesa inabaki imebeba mizigo ambayo kadi iliweza kuibeba bila shida.

Kuna mtego mmoja unaowatisha hata mafundi wazoefu. Unafungua tcpdump, programu ya kunasa pakiti, kwenye seva inayotuma, unaona pakiti za baiti 60,000 kwenye waya wa 1,500, na hesabu za kukagua zimeandikwa kuwa si sahihi, moja baada ya nyingine. Inaonekana kama ushahidi kamili wa ubovu. Lakini tcpdump inasimama kabla ya kadi. Inaona bonge ambalo bado halijakatwa na nafasi ya hesabu ambayo bado haijajazwa, kwa sababu vyote viwili ni kazi aliyotwikwa mwingine aliye mbele. Ukitaka kuona kilichopita kwenye waya, piga picha upande wa pili, kwa mpokeaji, na hata huko kumbuka kwamba GRO inaweza kuwa imeshazikusanya.

Hizo mbili za kukusanya zinahitaji kitenzi chao, na hapa pia misafara imetuachia kitu. Mzigo wa mpagazi ulifungwa kwa ukubwa maalumu, na ukaitwa mtumba. Leo mitumba ni nguo za kuvaa mara ya pili, lakini neno bado linabeba wazo la vitu vingi vilivyofungwa pamoja. GRO ni kufunga mtumba: pakiti zinakusanywa kwa masharti makali, vichwa vyake vikiwa vinafanana inavyotakiwa, kiasi kwamba mtumba ukihitaji kufunguliwa tena pakiti zinatoka kama zilivyoingia. LRO hailindi mipaka hiyo kwa ukali huo. Inaunganisha, na alama za mahali pakiti moja ilipoishia zinaweza kupotea. Kwa seva inayopokea data yake yenyewe haina madhara. Kwa seva inayopitisha data ya wengine, kama vile ruta au mashine yenye mashine pepe nyuma ya daraja, ni balaa: bonge lisilofunguka linafika kwenye mlango wa kutokea wenye baiti 1,500, halipiti. Linux inalijua jambo hili, na unapoiambia seva ianze kupitisha pakiti za wengine, yenyewe inazima LRO kwenye kadi zake. Lakini dreva isipoitii amri hiyo, au kama ukusanyaji unafanyika nje ya macho ya mfumo, katika tabaka la chini linaloendesha mashine pepe, unarudi kwenye dalili ile ya mashine pepe inayopata megabiti chache. Hapo unatua LRO kwa mkono, unaiacha GRO.

Jambo moja zaidi kuhusu amri hizi, na kwa umeme wetu ni kubwa. Unachokiamuru kwa `ethtool -K` hakiandikwi popote. Umeme ukikatika na seva ikawaka upya, kadi inatwikwa tena kila kitu kama ilivyokuwa, na ubovu unarudi asubuhi bila mtu kugusa chochote. Watu wanaanza kusema seva ina pepo. Mapatano mapya lazima yaandikwe kwenye faili la mipangilio ya mtandao, ili yasomwe kila mara mashine inapoamka.

Sasa, nani anaamua maneno? Tanzania ina BAKITA tangu 1967. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na mradi wa Kilinux, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, na humo istilahi nyingi za kompyuta zilipata makao. Kiswahili cha Katanga hakikupita katika mto huo. Kilikulia kazini, katika kambi za Union Minière iliyoanzishwa 1906, kando ya reli iliyofika Élisabethville 1910, midomoni mwa watu waliotoka lugha nyingi na waliotawaliwa kwa Kifaransa. Ndiyo maana vitu vyetu vingi vina majina ya Kifaransa, kutoka biro mpaka falanga, na seva zetu hatutaziita vingine. Katiba ya 2006 imekifanya Kiswahili kuwa moja ya lugha nne za taifa, na mwaka 2022 Kongo ikaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa hiyo vitabu vya Dar na Nairobi vitatufikia zaidi kuliko zamani. Navikaribisha. Ila nataka twende na sisi na kitu mkononi.

Maoni yangu ni haya. Majina tuazime bila haya: kadi, seva, pakiti, dreva, na vifupisho TSO na GRO viachwe kama vilivyo, kwa kuwa ndivyo amri zinavyoviandika na fundi anahitaji kuvitambua saa nane za usiku. Juhudi ziende kwenye vitenzi. Kitenzi ndicho kinachomwambia mwanafunzi nani anamfanyia nani nini, na ndicho Kiswahili kinachokiweza kuliko lugha nyingi, kwa viambishi vyake. Twika inazaa twikwa, twikia, twikana, twikika. Kutoka mzizi mmoja naweza kusema kwamba kadi imetwikwa, kwamba haitwikiki, kwamba mashine pepe inatwikiwa na mwenyeji wake. Jaribu kuyasema hayo kwa "ofulodi" uone unavyozunguka. Najua atakayenipinga kwamba kutwika ni kichwani na kadi haina kichwa. Kompyuta nayo haina mapaja, na kipakatalishi kimeingia kamusini.

Chuo Kikuu cha Wamethodisti kiko pale pale Mulungwishi, na vijana wa huko wanasoma kwa Kifaransa, wanaongea Kiswahili ukumbini, na Kisanga au Kiluba nyumbani. Kwa fundi kijana wa namna hiyo napendekeza daftari la seva liandikwe hivi, kwa mstari mfupi mfupi, tarehe na saa mwanzoni:

"Kiungo 1000. CRC 0. Pitisho kwenda 941, kurudi 12, kwenye mashine pepe. Mwenyeji 941 pande zote. Kadi imetuliwa TSO: kurudi 12. Imetwikwa tena. Imetuliwa LRO: kurudi 936. Prosesa imepanda kidogo. Imeandikwa kwenye faili la mipangilio. Dreva ya sasa: toleo limenakiliwa ukurasa wa nyuma."

Mstari wa mwisho wengi huuruka, na ndio wenye faida zaidi baadaye. Kuitua kadi ni tiba ya kungojea. Ubovu wa namna hii mara nyingi umo ndani ya dreva au programu ndogo iliyochomwa ndani ya kadi, na watengenezaji huurekebisha. Toleo jipya likija, fundi mwingine, pengine aliyeajiriwa mwaka huo huo, atafungua daftari, atalinganisha namba za matoleo, ataitwika kadi tena kile ilichotuliwa, isipokuwa LRO kwenye seva inayopitisha data ya wengine, na kuendesha iperf3 dakika kumi kila upande kabla ya kuandika mstari wake.